Watu 11 ukumbini: msanii wa kujitegemea huipataje hadhira yake ndogo?

Mwezi Machi 1784 mtunzi wa muziki Mozart alimwandikia baba yake barua na kuambatanisha orodha ya majina 174. Hao ndio waliokuwa wamejiandikisha, kila mmoja kwa florini 6 (fedha ya wakati huo), ili wahudhurie matamasha matatu aliyoyaandaa mwenyewe mjini Vienna. Hakuwa na mwajiri. Miaka mitatu kabla ya hapo aliachana kwa ugomvi na Askofu Mkuu wa Salzburg aliyekuwa akimlipa mshahara, na tangu hapo akawa anajitegemea: anafundisha, anatunga, anatafuta ukumbi, anauza tiketi zake. Wengi katika orodha ile walikuwa makabaila, lakini si hilo linalonivuta kila ninapoifikiria barua yenyewe. Linalonivuta ni kwamba aliwajua wote kwa majina.

Msanii wa leo ukimuuliza hadhira yake ni akina nani, mara nyingi atakutajia namba. Wafuasi elfu nane hapa, elfu tatu kule, video moja iliyovuma ikatazamwa mara laki mbili. Ukimwomba akutajie watu ishirini tu kati ya hao, watu ambao akitangaza shoo kesho watakuja, ataanza kuhesabu vidole vya mkono mmoja. Si kosa lake. Vifaa tunavyotumia vimetengenezwa vituoneshe namba, na namba ikipanda moyo nao unapanda. Lakini mtu anayeishi kwa sanaa bila kampuni nyuma yake halishwi na namba. Analishwa na watu.

Tuanze na neno lenyewe. Tunasema "hadhira" tukiwa na maana ya watu wa aina tatu, na tunawachanganya. Wapo wapita njia: mtandao umewasogezea kazi yako, wamecheka, wamepitisha kidole, wamekusahau. Wapo wanaokufahamu: wakikuona wanasimama, wasipokuona hawakutafuti. Halafu wapo wachache wanaokutafuta. Ukikaa kimya wiki mbili wanauliza kulikoni. Wanamburuta rafiki yao aje kukusikiliza, na akikuponda wanakutetea. Huyo ndiye tunayemwita shabiki lialia, na hadhira ndogo ninayoizungumzia hapa imejengwa juu yake. Wapita njia wana kazi yao, maana kila shabiki lialia aliwahi kuwa mmoja wao. Ila msanii akitumia nguvu zake zote kuwakusanya hao, anateka maji kwa pakacha.

Kuna mkanganyiko mwingine. Watu wengi wakisikia "hadhira ndogo" wanaelewa hadhira ambayo bado haijakua, kama mtoto anayesubiri kuwa mtu mzima. Sivyo. Kumbi mbili zinaweza kuwa na watu hamsini kila moja na zisifanane hata kidogo. Ukumbi wa kwanza una watu hamsini waliojikuta humo, kila mmoja kwa sababu yake. Ukumbi wa pili una watu hamsini walioletwa na jambo moja, jambo ambalo hawalipati kwingine. Ule wa kwanza ni uchache tu. Wa pili ni hadhira ndogo kwa maana ninayoitaka, na ndiyo yenye uwezo wa kumweka msanii mjini.

Hesabu yake

Mwaka 2008 mwandishi wa Marekani Kevin Kelly alitoa hesabu ambayo imezunguka dunia nzima: msanii akipata mashabiki 1,000 wa kweli, na kila mmoja akamwachia faida ya dola 100 kwa mwaka, ana dola 100,000. Kwa hiyo hahitaji mamilioni ya watu. Hesabu hii imerudiwa hadi masharti yake yamedondoka njiani. Sharti la kwanza ni kwamba ile dola 100 ni faida, yaani kilichobaki baada ya kulipia studio, usafiri, fulana, na makato ya kupokea pesa. La pili ni kwamba fedha hiyo inatoka kwa shabiki na kuja kwako moja kwa moja. Ukiweka katikati kampuni inayochukua sehemu kubwa, unahitaji mashabiki mara kadhaa ya hao. Na kama ni bendi ya watu wanne, 1,000 si idadi yenu.

Mimi humshauri mtu aiache 1,000 ya Kelly na aanze na maisha yake. Andika unachohitaji kwa mwaka ili uishi na ufanye kazi. Kisha jiulize kwa ukweli, shabiki wako mmoja anaweza kukupa kiasi gani kwa mwaka bila kuumia, ukijumlisha viingilio, rekodi, michango, kila kitu. Gawanya. Jibu litakalotoka ndilo ukubwa wa hadhira unayoitafuta, na wengi hushangaa kuliona dogo kuliko walivyoogopa. Wengine hushangaa kinyume chake, nao pia wamepata faida, kwa sababu wamejua mapema kwamba sanaa yao italazimika kwenda sambamba na kazi nyingine.

Nguvu ya hesabu hii ilionekana wazi mwaka 2012. Mwanamuziki Amanda Palmer alikuwa na bendi iliyotoa albamu chini ya kampuni ya rekodi, ikauza nakala kama 25,000 katika wiki za mwanzo, na kampuni ikahesabu kwamba imefeli. Akaondoka. Baadaye aliwaomba mashabiki wake kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangishia kazi, wamlipie albamu mpya kabla haijarekodiwa. Zilipatikana dola 1,192,793 kutoka kwa watu 24,883. Ukigawanya, ni kama dola 48 kwa kila mtu. Idadi ya watu ni ileile. Kampuni iliwaona 25,000 ni wachache, yeye akawaona wametosha na kuzidi. Na hakuwaokota siku hiyo: kwa miaka alikuwa akibaki baada ya shoo, anasaini, anakumbatiana na watu, anachukua anwani zao za barua pepe.

Upande wa pili wa hesabu ni mgumu zaidi, nao ndio unaowavunja moyo wasanii wengi wa muziki na simulizi. Kwa nini mtu mwenye mashabiki 300 wanaomsikiliza kila siku kwenye huduma za muziki mtandaoni anapata mrabaha, yaani malipo ya kazi yake kuchezwa, usiotosha hata nauli? Jibu lipo kwenye namna fedha inavyogawanywa. Katika huduma kubwa kama Spotify, ada za wasikilizaji wote hutiwa chungu kimoja, halafu chungu hicho hugawanywa kwa kufuata idadi ya michezo yote, yaani mara ambazo nyimbo zimechezwa.

Tuchukue huduma yenye wasikilizaji wawili tu. Kila mmoja analipa 10, huduma inabaki na 3 katika kila 10, kwa hiyo kwenye chungu mna 14. Msikilizaji wa kwanza anawasha muziki asubuhi hadi usiku na kumcheza nyota mkubwa mara 900. Wa pili anakucheza wewe, wewe peke yako, mara 100. Michezo yote ni 1,000, yako ni sehemu ya kumi, unapewa 1.4. Shabiki wako alitoa 10 akidhani anakulipa wewe. Sehemu kubwa ya pesa yake imekwenda kwa msanii ambaye hajawahi kumsikiliza. Kama fedha ya kila msikilizaji ingewafuata wale anaowasikiliza, ungepata 7. SoundCloud ilianza kulipa kwa njia hiyo ya pili mwaka 2021 kwa baadhi ya wasanii wanaojitegemea, lakini njia ya chungu kimoja ndiyo iliyoenea. Tena tangu 2024, Spotify haihesabii mrabaha wimbo ambao haujachezwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12.

Matangazo nayo yana kizingiti chake. Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo, unahitaji wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Mifumo hii yote inapima wingi. Si mibaya, ila haikutengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye watu wachache wanaompenda sana. Mtu huyo aitumie kama barabara ya kupitisha wapita njia. Asiifanye shamba lake.

Dada aliyebaki nyuma

Mimi ni msimulizi. Nasimulia hadithi kwa sauti, jukwaani na kwenye rekodi. Kwa miaka kadhaa nilijitangaza kwamba hadithi zangu ni za rika zote na watu wote, nikiamini kwamba nikifungua mlango mpana wataingia wengi. Usiku mmoja waliingia 11. Nilisimulia hadithi ya dakika arobaini, wakapiga makofi, wakatawanyika. Nilikuwa nakunja nyaya za kipaza sauti nilipomwona dada mmoja amebaki kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni, mkoba umo mapajani.

"Kaka, samahani," aliniambia. "Ile sehemu ya kijana anayepanga vidonge vya mama yake mezani, halafu mama anamwita kwa jina la mdogo wake. Unaweza kunitumia hiyo peke yake?"

Sehemu yenyewe haikufika dakika nne. Niliiweka kama daraja la kunivusha kwenda kwenye kisa kikubwa. Nikamuuliza kwa nini hiyo. Akanieleza kwamba anamuuguza mama yake aliyepoteza kumbukumbu, na kwamba yumo kwenye kundi la watu wapatao arobaini wanaowahudumia wazazi wao nyumbani. "Nataka nao wasikie," alisema. "Hakuna anayetusimulia sisi."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi sana. Kabla ya usiku ule, ungeniambia nitafute hadhira ndogo ningeanza na umri, jinsia, elimu, mahali watu wanapoishi. Hivyo ndivyo wauza sabuni wanavyogawa watu, na kwa sabuni huenda inafaa. Kwa sanaa haifai sana. Mwanamke wa miaka thelathini na mzee wa miaka sitini hawafanani katika lolote kati ya hayo, lakini kama wote wawili wameamka saa nane usiku kumbadilishia mzazi shuka, wanacheka na kulia mahali pamoja. Hadhira ndogo hushikwa na hali wanayoishi, hamu waliyo nayo, au saa fulani ya siku inayowabana. Mchekeshaji anaweza kuwa na wauguzi wa zamu ya usiku. Mwana mazingaombwe anayefanya mambo yake yote bila kusema neno anaweza kuwa na watazamaji viziwi, watu waliochoka kutazama burudani kupitia mkalimani. Mpiga gitaa anaweza kuwa na watu ambao hawalali bila kumsikia.

Wengine huipata hadhira kupitia aina ya sanaa yenyewe: wapenzi wa vikaragosi, wapenzi wa muziki wa kale, watu wanaohusudu hadithi za kutisha. Njia hiyo ni halali, na ni nyepesi kwa sababu watu hao tayari wana jina na mahali pa kukutania. Ila wanajua sana. Watakulinganisha na kila aliyekutangulia. Ukiingia kwa njia ya hali ya maisha, unakuta watu ambao hawajawahi kufikiria kwamba kuna sanaa yao, na ukiwafikia kwa ukweli wanakupokea kama ndugu. Kwa maoni yangu hii ya pili ina uhai mrefu zaidi, ingawa inachelewa kushika.

Dalili za kuitambua ni ndogo na zinapita haraka. Tazama nani anabaki baada ya shoo, na anauliza nini. Mtu akisema "ulikuwa vizuri sana", mshukuru, ila hajakuambia kitu. Akitaja sehemu moja mahususi, kaa naye. Mtandaoni, alama ya kupenda ina habari kidogo kuliko ujumbe ambao mtu ameuandika alipomtumia mwenzake kazi yako. Ukiuona ujumbe wa namna ya "huyu anatusema sisi", jiulize hao "sisi" ni akina nani, kwa sababu mtu ameshaichora hadhira yako kwa mkono wake. Na mara nyingi sehemu inayowashika siyo uliyoitolea jasho. Inauma kidogo kukubali hilo. Kubali.

Kuingia kama mgeni

Yule dada aliwaomba ruhusa wenzake, akaniingiza kwenye kundi lao la WhatsApp. Alinipa sharti moja: "Kaka, ingia kwanza usikilize." Kwa wiki tatu sikutaja kazi yangu. Nilijitambulisha mimi ni nani na nimeletwa na nani, basi, nikanyamaza.

Ningeingia na tangazo mkononi nisingejifunza nilichojifunza. Niligundua kwamba watu hawa wana muda wao mmoja tu kwa siku, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, mgonjwa anaposinzia. Niligundua kwamba dakika arobaini kwao ni ndoto. Na niligundua kwamba rekodi zangu zote zilianza na muziki wenye kishindo, ule wa kumshtua msikilizaji akae sawa, na kishindo hicho kilikuwa kinawaamsha wazazi wao. Mama mmoja aliandika kwamba alisikiliza rekodi yangu iliyotumwa na yule dada, mzee akakurupuka, ikawa usiku wa kuanza upya. Hakulaumu. Alisema tu ilivyokuwa.

Nikaukata muziki. Hadithi nikazipunguza hadi dakika 12, zinaanza kwa sauti ya chini na zinakwisha taratibu, kiasi kwamba hata simu ikidondoka mkononi hakuna atakayeshtuka. Sikuwa nimeambiwa hivi na mtaalamu yeyote wa masoko. Hapa ndipo hadhira ndogo inapomfaa msanii kuliko watu wanavyodhani: inampa umbo. Ukisimulia kwa ajili ya kila mtu hujui uanze vipi, uishie wapi, utumie neno gani. Ukijua kwamba anayesikiliza ana sikio moja kwako na jingine chumba cha pili, nusu ya maamuzi yamekwisha.

Karibu kila hadhira ndogo ina mwenyeji wake. Ni mtu anayepanga mikutano, anayejua nani amefiwa na nani amejifungua, na ambaye neno lake linasikika. Bila mwenyeji wewe ni mchuuzi aliyeingia kwenye kikao cha ukoo. Mwenyeji hanunuliwi kwa fedha wala kwa kumsifia jukwaani. Mpe kitu kinachowafaa watu wake: simulia bure kwenye mkutano wao wa mwaka, maana kila chama hutafuta mtu wa kuchangamsha jioni ya mwisho, au mtungie kipande kimoja kinachohusu jambo lao, kisha mwache akisambaze apendavyo. Na usiyachukue mambo ya watu uliyoyasikia ndani ukayapeleka jukwaani bila ridhaa. Nimewahi kukaribia kufanya hivyo, kisa kilikuwa kizuri mno. Nilimuuliza mwenyewe kwanza, akasema hapana. Kisa hicho nimekiacha hukohuko.

Majina yawe mkononi mwako

Mwaka 1971 bendi ya Marekani ya Grateful Dead ilichapisha ujumbe ndani ya jalada la albamu yake, ikiwaomba mashabiki watume majina na anwani zao ili wapate habari. Barua zikamiminika, ikajengeka orodha ambayo bendi iliitumia kwa miaka mingi kuwapasha habari watu wake bila kupitia kwa mtu. Hapakuwa na intaneti. Karatasi na stempu zilitosha.

Bendi ya Uingereza ya Marillion ilikuja kuonesha jambo hilohilo kwa zana mpya. Mwaka 1997 mashabiki wake wa Marekani walisikia kwamba bendi haina fedha za kufanya ziara kwao, wakachangishana wenyewe kupitia intaneti hadi wakafikisha kama dola 60,000. Bendi ikaona, ikajifunza. Kwa albamu ya mwaka 2001 iliwaandikia mashabiki waliokuwa kwenye orodha yake ikiwauliza kama watakubali kulipia kabla, na zaidi ya 12,000 wakalipa. Wakati huo magazeti mengi ya muziki yalikuwa yameshawahesabu kuwa wamepitwa na wakati.

Mfuasi wa kwenye mtandao si wako. Ni wa mtandao, wewe umeazimwa. Wakibadilisha algoriti kesho, yaani kanuni za mashine zinazoamua nani aone nini, watu waliokuwa wanakuona hawakuoni. Akaunti ikifungwa kwa kosa la mashine, miaka mitano inakwenda kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kila mpita njia anayeonesha dalili ya kusimama, muombe kwa adabu barua pepe au namba yake, mwambie utamtumia nini na mara ngapi, kisha timiza hivyohivyo. Daftari linatosha kuanzia. Mimi kwenye daftari langu, mbele ya kila jina naandika neno moja la kunikumbusha mtu huyo: "anamuuguza baba", "alipenda ile ya kisima", "yuko zamu usiku". Orodha ya watu 90 ya namna hiyo imeniletea kazi kuliko wafuasi wote nilionao.

Ndogo kiasi gani, na nani analipa?

Hapa ndipo watu wengi hukwama hata baada ya kuwapata watu wao. Hadhira inaweza kukupenda sana na isiweze kukulipa. Wasikilizaji wangu wengi wameacha kazi au wamepunguza saa za kazi ili wauguze. Kuwaomba ada kila mwezi kungekuwa kuwakamua watu waliokwisha kukamuka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anayesikiliza na anayelipa si lazima awe mtu mmoja. Watoto hutazama, wazazi hulipa. Wagonjwa hucheka, hospitali hulipa. Kwa upande wangu walipaji walikuwa wawili: vyama vya kuwasaidia wauguzaji, na ndugu walio mbali. Huyu ndugu wa mbali sikumtegemea kabisa. Ni kaka au dada anayejua kwamba mwenziwe anabeba mzigo wa mzazi peke yake, moyo unamuuma, na anatafuta kitu cha kumtumia. Hadithi 12 za usiku, zilizorekodiwa kwa ajili ya mtu huyo na kufunguliwa kwa jina lake, ni zawadi ambayo hawezi kuipata kwingine.

Wapo pia wanaolipia ukaribu na ufundi. Mtunzi wa jazi Maria Schneider alitoa albamu mwaka 2004 ambayo haikuuzwa madukani, ila kupitia tovuti ya ArtistShare tu, na mashabiki waliochangia mapema waliruhusiwa kufuatilia namna kazi inavyotungwa na kufanyiwa mazoezi. Wengi wa watu kama hao ni wanamuziki na wanafunzi, hivyo rasimu kwao ina thamani sawa na wimbo uliokamilika. Mwaka 2005 albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy. Kwa hiyo kabla ya kusema "watu wangu hawana fedha", chunguza wanalipia nini tayari, na nani analipa kwa niaba yao.

Jambo jingine linalosahaulika ni kama hadhira yako inarudi au inapita. Msimulizi wa kila wiki ana hadhira inayorudi. Watu 200 haohao wanaweza kumtosha mwaka mzima. MC wa harusi ana hadhira inayopita: familia humhitaji mara moja, kisha hata wakimpenda vipi hawatamwita hadi mtoto mwingine aoe. Huyu orodha yake ya maana si ya maharusi, ni ya wapambaji, wapiga picha na wenye kumbi, watu wanaokutana na maharusi wapya kila mwezi. Kuna wasanii waliohangaika miaka wakiwatunza watu ambao kwa asili ya mambo hawawezi kurudi.

Na je, inaweza kuwa ndogo mno? Inaweza. Mimi hupima hivi: nitaje mahali patatu ambapo watu hawa wanakutana tayari, bila mimi kuwaita. Nikishindwa, huenda watu hao wapo kweli, lakini wametawanyika kiasi kwamba nitakufa nikiwatafuta mmojammoja. Hapo ni bora kupanua kidogo, kutoka wanaouguza wenye ugonjwa mmoja hadi wanaouguza wazazi kwa jumla.

Kuna pia hatari inayotoka ndani ya hadhira yenyewe. Watu wachache wanaokupenda wanakushika. Wanataka hadithi ileile, sauti ileile, na ukijaribu kitu kipya wanakuambia kwa upole kwamba umebadilika. Wengine huona kwamba kwa kuwa wanakuchangia, wana haki ya kukupigia simu saa sita usiku. Mipaka iwekwe mapema, wakati watu bado ni ishirini, kwa sababu wakifika mia mbili kila mpaka mpya utaonekana kama dharau. Kuhusu kubadilika, ninachofanya ni kutenga hadithi moja katika kila tano iwe ya kujaribu, na nawaambia kabisa kwamba hii ni ya kujaribu.

Lakini hatari ninayoiogopa kuliko zote ni ile iliyompata Mozart. Karibu orodha yake yote ya 1784 ilitoka katika tabaka moja. Mwaka 1788 Austria iliingia vitani dhidi ya Waturuki, makabaila wengi wakaondoka Vienna au wakabana matumizi, na hadhira yake ikayeyuka kwa pamoja kwa sababu iliishi kwa pamoja. Katikati ya mwaka 1789 alizungusha tena orodha ya kujiandikisha kwa ajili ya matamasha. Wiki mbili zilipopita alimwandikia rafiki yake kwamba limeandikwa jina moja tu: Swieten.

Baron Gottfried van Swieten alikuwa mpenzi wa muziki wa zamani, wa watunzi Bach na Handel, wakati ambapo watu wengi mjini hawakuujali. Tangu 1782 Mozart alikuwa akienda nyumbani kwake kila Jumapili saa sita mchana, wanaupiga na kuuchambua muziki huo. Matamasha yale ya 1789 hayakufanyika. Mwaka uliofuata Swieten alimpa kazi mbili za Handel azipange upya.